Mwiko Vitabuni: Kamati ya Kilosa Yachagua Hadithi ya Kusomwa Mikumi

CHAMA CHA WASOMAJI KILOSA
KAMATI YA MWIKO KATIKA FASIHI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TANO, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025, UANI KWA BI. YUSRAH, MABWEREBWERE, KILOSA

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Ulimboka Mwaipopo, mwalimu mstaafu – Mwenyekiti
2. Bi. Hildegarda Mapunda (Mama Oswald) – Mweka Hazina
3. Bi. Tumwagile Mwakatobe – Mjumbe (mke wa Oswald, na kwa hiyo mkwe wa Mweka Hazina)
4. Bw. Ditram Chogo – Mjumbe kutoka Mikumi
5. Bi. Yusrah Mudi, muuza vyombo – Mjumbe na mwenye ua
6. Bi. Editha Mgonela – Katibu

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Deo Senyagwa – kwa taarifa (ng'ombe wameingia shambani kwake Rudewa na alikwenda ofisi ya kijiji)
2. Bw. Timotheo Lukwale – bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:15 asubuhi. Kikao kilichelewa kwa sababu mkaa ulikuwa na unyevu, si kwa sababu ya Katibu kama ilivyodaiwa na mjumbe mmoja.

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Alieleza kwamba wapo watu hapa mjini wanaotucheka, wakisema watu wazima na akili zao wanakaa kutafuta mwiko vitabuni. Alisema hao wanaocheka waulizwe jana walikula nini, na kilisongwa kwa chombo gani. Alisema kila kabila lililoletwa huku na reli au na mkonge lilikuja na mwiko wake, na wenyeji walikuwa nao kabla ya wote. Yeye hajui chombo kingine kilichokaa mikononi mwa watu wote wa wilaya hii, Mwislamu kwa Mkristo, bila kugombewa. Wajumbe walipiga makofi. Katibu alipiga pia, kalamu ikiwa mkononi.

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi bila kutufahamu, utaratibu wa Kamati ni huu. Kipande chochote cha kitabu kinachotaja mwiko husomwa kwa sauti, kisha mjumbe mmoja hufanya kwa mkono wake kile alichokisema mwandishi, kwa mwiko halisi na sufuria iliyo motoni. Kikikubali, huandikwa "kimepimwa", pamoja na mahali na jina la aliyepima. Ndiyo maana hatukutani ukumbini. Ukumbini tulifukuzwa kwa ajili ya moshi.

KUMB. NA. 2/5/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa. Bw. Ditram alisema ni ndefu mno na zina maneno ya watu ndani yake kama tamthiliya. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hiki ni chama cha wasomaji, na kanuni yetu inasema neno zito liandikwe lilivyotamkwa. Bw. Ditram alikubali. Katibu alimshukuru.

KUMB. NA. 3/5/2025: YATOKANAYO

3.1 Kanuni ya kupiga. Katika kikao cha nne, Mama Oswald alipendekeza kwamba vipande vyote ambamo mwiko unatumika kumpigia mtu viondolewe kwenye kijitabu tunachokiandaa kwa ajili ya tamasha la vitabu Mikumi. Maneno yake siku hiyo yalikuwa: "Waandishi wameuonea mwiko. Umelisha nchi nzima, wao wanauona siku ya ugomvi tu." Kanuni ilipita bila kupingwa, na wanawake walishangilia.

3.2 Bw. Ditram, aliyekabidhiwa kazi ya kuchambua, alitoa taarifa kwamba baada ya kuitumia kanuni hiyo mkusanyo umekonda vibaya. Alieleza kwamba karibu kila mwandishi akishauweka mwiko mkononi mwa mwanamke, aya inayofuata inatafuta mgongo wa mtu. Mama wa kambo anapiga, mke mkubwa anapiga, hata shangazi aliyekuja kusalimia tu anapiga. Mwiko unaopika ni wa kuokoteza. (Majina ya vitabu hayakuandikwa hapa kwa sababu ruhusa za wachapishaji bado zinaombwa.)

3.3 Kutokana na hali hiyo, Bw. Ditram alipendekeza Kamati ibadilishe mada na kwenda kwenye tamasha la vitabu Mikumi na habari za simba katika fasihi. Alisema: "Mikumi watu wanakuja kuangalia simba. Ukiwaletea mwiko watakuuliza chakula kiko wapi." Mwenyekiti alijibu kwamba simba ana mbuga nzima, askari wa kumlinda na picha kwenye mabasi, na hahitaji msaada wa watu sita wa Kilosa. Pendekezo halikupata wa kuliunga mkono. Bw. Ditram alisema alikuwa anatoa mawazo tu.

KUMB. NA. 4/5/2025: KUPIMA

4.1 Kipande cha kwanza kilitoka katika riwaya ya mjini, ambamo mhusika anasonga ugali wa watu kumi "taratibu, huku akitazama dirishani". Bi. Yusrah alipima. Alisonga taratibu huku akitazama ukuta wa jirani, kwa kuwa ua wake hauna dirisha. Ugali ulishika chini na kutoa madonge. Kipande hakikukubali. Bi. Yusrah alisema: "Huyu mwandishi kapikiwa maisha yake yote." Iliamuliwa kiwekwe katika sehemu ya vichekesho.

4.2 Kipande cha pili ni cha ngano ambayo Bw. Deo aliipata kwa bibi yake. Ndani yake binti anaulizwa na wachumba watatu ugali wake umeiva au la. Hajibu, anausimamisha mwiko katikati ya sufuria na kwenda zake kisimani. Akirudi unasimama vilevile, na wachumba wawili wameshaondoka kwa aibu. Mama Oswald alipima, kwa unga wa mahindi mapya. Alisonga kwa mikono miwili, akageuza, akakandamiza, akausimamisha mwiko na kurudi kukaa kwenye ubao wake. Mwiko ulisimama. Ulisimama mpaka Mwenyekiti akaomba uondolewe ili watu wale. Kimepimwa: Mabwerebwere, Hildegarda Mapunda. Katibu anaandika bila kificho kwamba alijisikia fahari, na kwamba ugali wa Mama Oswald hauna mfano katika wilaya hii.

4.3 Wajumbe walikula, kwa dagaa na mchicha.

KUMB. NA. 5/5/2025: HADITHI YA BI. TUMWAGILE, "POSA YA MAMBOYA"

5.1 Mwenyekiti alikumbusha kwamba kijitabu kina nafasi moja ya kazi mpya ya mwanachama, na kwamba kazi hiyohiyo ndiyo itakayosomwa jukwaani Mikumi kwa niaba ya Kilosa. Iliyopokelewa ni moja, ya Bi. Tumwagile.

5.2 Bi. Tumwagile aliomba kuiondoa. Alisema aliikabidhi kabla ya kanuni ya kupiga kupitishwa, na kwamba ndani yake mwiko unapiga. Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ndiyo sababu pekee. Alijibu: "Na amani ya nyumbani, Mwenyekiti." Bw. Ditram aliuliza, nyumbani wapi.

5.3 Mwenyekiti alieleza kwamba Kamati haiondoi kazi ambayo haijaisikia. Hapa Katibu anaongeza jambo analolijua, na mwandishi hakumkataza kuliandika. Bi. Tumwagile amekuwa akiiandika hadithi hii na kuichana tangu mtoto wake wa kwanza hajaanza shule, na huyo mtoto sasa yuko kidato cha pili. Hajawahi kuona jina lake limepigwa chapa popote isipokuwa kwenye kitambulisho cha mpiga kura. Anapoomba kuiondoa, anajua anachokiacha.

5.4 Katibu aliisoma hadithi kwa sauti kwa sababu mwandishi alikataa kuisoma mwenyewe. Kwa kifupi ni hivi. Bi harusi aliyekulia nyumba za reli, kwa wazazi waliozoea kula ndizi, si ugali, anaolewa Rudewa katika nyumba za zamani za shamba la mkonge. Kwa desturi anapika katika jiko la mama mkwe mpaka siku atakayotengewa jiko lake. Siku moja wanakuja wageni kutoka Mamboya kuleta posa ya wifi yake. Nyumba nzima inatetemeka, kwa maana wageni wa posa hutazama kila kitu, hadi kamba ya kuanikia nguo. Bi harusi anasonga ugali, unatoa madonge. Mama mkwe anaingia, anaona, anamnyang'anya mwiko na kumpiga nao juu ya kiganja mbele ya mwanamke mmoja wa wale wageni. Ugali wa moto unaganda kwenye ngozi. Mama mkwe anarudi sebuleni kutabasamu. Bi harusi anamwaga ule wa kwanza, anabandika maji upya na kusonga kwa mkono uleule, hadi unaiva vizuri kuliko wowote aliowahi kula. Wageni wanakula na kumsifu mama mwenye nyumba kwa ugali wake. Sentensi ya mwisho ya hadithi ni hii: "Mama mkwe akasema ahsanteni."

5.5 Bw. Ditram ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema: "Aisee. Huyu mama mkwe ni mnyama kabisa. Bora ya simba." Bi. Yusrah aliongeza mkaa kwenye jiko lililokuwa limejaa. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Izingatiwe kwamba Bw. Ditram alijiunga nasi katika kikao cha tatu, anakaa Mikumi, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba Mama Oswald aliishi Rudewa, wala binti yake ameolewa wapi.

5.6 Bi. Yusrah alisema hadithi ibaki. Maneno yake: "Hii stori ni moto, jamani, msizingue. Mwiko wa humu haujaonewa na mwandishi. Humu unapiga na unapika, kama ulivyo." Bw. Ditram alisema hata yeye imemgusa, lakini kanuni ni kanuni, na yeye ameshatupa vipande vya watu wakubwa kwa kanuni hiyohiyo. Katibu alisema huenda kanuni yenyewe ndiyo mbaya. Mwenyekiti alimwelekeza Katibu aandike, asijadili. Katibu aliandika.

5.7 Mwenyekiti alisema kabla ya kuamua lipo suala la utaratibu, nalo ni kwamba hadithi haijapimwa. Aliuliza nani yuko tayari kuipima. Alikiri kwamba sehemu ya kusonga inapimika, lakini ipo sehemu ambayo haipimiki bila kumwumiza mtu, na Kamati haijawahi kukutana na jambo kama hilo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bi. Tumwagile alirudia ombi lake la kuiondoa, safari hii akiwa amesimama na kitenge amekwisha kukifunga vizuri, kama mtu anayeondoka.

5.8 Mweka Hazina aliomba nafasi. Mwenyekiti alimruhusu. Alisimama, akasema: "Imeshapimwa." Mwenyekiti aliomba ufafanuzi. Mweka Hazina alimgeukia Katibu, akasema: "Editha, andika. Imepimwa. Mahali, Rudewa, jikoni kwangu. Aliyepima, Hildegarda Mapunda. Na mkono ni wa huyu hapa, mke wa Oswald."

5.9 Imeandikwa.

5.10 Mweka Hazina aliendelea kusimama. Alieleza kwamba alipopendekeza kanuni ya kupiga hakujua kama hadithi hii ipo, ila alipoona vipande vile vinasomwa kimoja baada ya kingine roho ilimsuta, akatafuta mlango wa kutokea. Alisema: "Nilisema waandishi wanauonea mwiko. Nilikuwa najitetea mimi. Mwiko haukunituma." Alisema anaiondoa kanuni yake mwenyewe.

5.11 Bw. Ditram aliomba neno "mnyama" lifutwe katika kumbukumbu. Aliomba radhi mara nyingi, na Katibu kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. Mwenyekiti alimjibu kwamba kwa kanuni tuliyokumbushana asubuhi neno zito halifutwi. Mama Oswald alisema: "Liache, mwanangu. Nimelisikia na limeingia."

5.12 Mwenyekiti alimuuliza Bi. Tumwagile kama ana la kusema. Alikaa kwanza. Kisha alisema, akimwangalia mama mkwe wake na si Mwenyekiti: "Sikuandika nikuaibishe, mama. Niliandika kwa sababu siku ile sikusema kitu." Mama Oswald alijibu: "Nilikusubiri useme. Miaka yote hii, kila ukinipakulia chakula, nasema leo atasema." Bi. Tumwagile alisema: "Ungesema wewe." Mama Oswald alisema: "Ndiyo. Ningesema mimi."

Mwenyekiti hakuwakatiza, ingawa maneno hayo hayakuwa yamepitia kwake.

5.13 Azimio: Kanuni ya kupiga imefutwa, kwa hoja ya Bi. Hildegarda iliyoungwa mkono na Bi. Yusrah. Bw. Ditram atavirudisha vipande alivyovitupa, na mwiko utaonekana kijitabuni kama ulivyo katika maisha ya watu, ukilisha na ukiumiza. Hadithi "Posa ya Mamboya" imekubaliwa na wajumbe wote. Mwandishi hakunyoosha mkono kwa kuwa alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kitenge. Katibu amemhesabu.

KUMB. NA. 6/5/2025: MSOMAJI WA MIKUMI

6.1 Kwa kuwa Bi. Tumwagile alisema hatoweza kusoma mbele ya umati bila sauti kukatika, Mwenyekiti alimpendekeza Bw. Ditram, mwenye sauti nzuri na mazoea ya kusimama mbele ya wageni. Bw. Ditram alikubali haraka, na alisema ni njia ya kulipia mdomo wake.

6.2 Mama Oswald alipinga. Alisema: "Ditram atasoma vizuri, lakini hakuwepo. Nitasoma mimi."

6.3 Mwenyekiti alimtahadharisha. Alisema ukumbi utajaa, wilaya nzima itakuwepo, na kwamba watu wa Mamboya wamealikwa pia, wakiwemo wakwe zake, waliokuja na posa ile na kumchukua binti. Alimuuliza kama amefikiri atakavyosimama na jambo hilo mbele yao. Mama Oswald alijibu: "Hao ndio ninaowataka wakae mbele. Waliula ule ugali, na mpaka leo wakinikuta wananisifu nao. Nimeitikia sifa ile misiba na harusi ngapi sijui. Waje wasikie."

6.4 Bw. Ditram aliondoa jina lake. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti alisema kwa miaka yake yote ya kufundisha fasihi hajawahi kuona mhusika akiomba kuisoma hadithi inayomsema, na kwamba anajivunia kuwa mwenyekiti wa watu hawa. Katibu naye anajivunia, na haoni haya kuliandika hapa.

6.5 Mwandishi aliulizwa kama anaridhia. Alisema anaridhia kwa sharti moja: "Mama asiruke. Hata neno. Hata pale mwisho."

6.6 Mama Oswald alisema: "Siruki. Na nikimaliza, makofi yakianza, mimi nakaa. Anasimama aliyepika."

6.7 Azimio: Msomaji ni Bi. Hildegarda Mapunda. Kiti cha Bi. Tumwagile kiwekwe jukwaani.

KUMB. NA. 7/5/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama yapo mengineyo. Hayakuwepo. Kikao kilifungwa saa 8:05 mchana.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

(sahihi) Ulimboka Mwaipopo, MWENYEKITI
Tarehe: 14/6/2025

(sahihi) Editha Mgonela, KATIBU
Tarehe: 14/6/2025